Fundi Aliyekalia Ndoo

Siku ya kwanza fundi alikuja na ndoo ya majivu, vigingi vinane, kamba ya katani na futi ya chuma iliyolika mwanzoni. Namba za inchi 1 mpaka 9 zimefutika kwa kuvutwa miaka mingi, kwa hiyo anaanza kupima kwenye 10, kisha anatoa 10 kichwani. Nyundo hakuja nayo. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Mwalimu, alimtazama mikono, akatazama na mlango wa ua labda kuna kijana anafuata na vifaa. Hakufuata mtu. Fundi akamwaga majivu juu ya kipande cha turubai, akaipindua ndoo, akaikalia.

Tuko Bwiru, upande wa mlimani, ambako viwanja vinateremka kuelekea ziwa na mawe makubwa ya Mwanza yametokeza katikati ya nyumba kama wenyeji waliofika kabla ya wenye hati. Uani kwa Mwalimu kuna jiwe la ukubwa wa Hiace, mwembe mmoja upande wa magharibi, migomba michache chini ya mteremko, na ndege 19: kuku 10 wa kienyeji pamoja na jogoo wao wa kuchi, bata 4, kanga 5. Walikuwa wanalala popote: jikoni, mwembeni, chini ya gari bovu la mtoto wa Mwalimu. Mwezi wa saba kicheche akachukua vifaranga wanane kwa usiku mmoja, ndipo fundi akaitwa. Mimi ni jirani. Kati yetu kuna michongoma tu, na kwa siku tisa zilizofuata kazi zangu zililala.

Saa 12 na nusu asubuhi alikuwa ameshakaa. Nikamwamkia, shikamoo fundi, akaitikia marahaba bila kugeuza uso. Alikuwa anatazama ndege. Kuku walishuka mmoja mmoja, wakaanza kuparua chini ya mwembe, na jua lilipochanganya wakatafuta vumbi kavu wajitifue, bawa moja juu, macho nusu yamefumba. Bata walikwenda moja kwa moja kwenye karai la maji, na haikupita muda maji yakawa uji wa tope. Kanga wao walizunguka ua wote kwa mwendo wa askari wa doria, wakalipanda jiwe, wakapiga kelele kwa kitu ambacho sisi wengine hatukukiona, wakashuka, wakazunguka tena. Fundi aliyafuata hayo kwa macho mpaka saa nne. Mwalimu alileta chai, ikapoa.

"Hawa si kundi moja, Mwalimu," alisema hatimaye. "Hawa ni wapangaji watatu."

Baadaye nilimweleza kile nilichowahi kusoma: kwamba asili ya kuku ni misitu ya Asia, na kwamba hawa bata wetu wa mitaani, wenye vinundu vyekundu usoni, walitoka Amerika ya Kusini. Katika ua ule Mwafrika ni kanga peke yake. Alicheka sana. "Ndiyo maana hataki kulala ndani. Yuko kwao."

Lakini hoja yake ilikuwa ya kazi. Kuku hulala juu, pakavu, akishika fito kwa kucha. Bata huridhika chini, ila huloanisha kila anapokanyaga, na matandazo yaliyolowa ndiyo yanayowaletea vifaranga wa kuku kuhara damu. Dume la bata likikosa jike humpanda tetea na kumuumiza. Kanga hutaka kuwa juu kuliko wote. Hata kuatamia wanapishana: kuku siku 21, kanga 26 mpaka 28, bata hawa 35. Ukimpa bata kiota kimoja na matetea, kwa siku 35 hakuna atakayetaga pale kwa amani. Kwa hiyo kabla hajashika hata kigingi fundi alikuwa na ramani kichwani: paa moja, vyumba viwili, viwanja viwili, na sehemu moja ya juu kwa ajili ya mwenyeji.

Mwalimu alikuwa na ramani yake pia. Mwanawe aliye Uingereza alimtumia kwenye simu picha ya banda la mbao lililopakwa rangi ya samawati, lina madirisha madogo ya vioo na kijiti cha kupandia, zuri kama nyumba ya mdoli. Fundi aliishika simu kwa mikono miwili, akaikuza picha kwa vidole, akakagua pembe hadi pembe. Nilidhani atadharau. "Aliyelijenga hili anajua kazi," alisema. "Ila amelijengea baridi. Humu wetu watachemka." Ni kweli ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na usiku tunajifunika blanketi, lakini kuku hapigwi na baridi ya Mwanza. Kinachomwua ni hewa iliyofungiwa, mvuke wa kinyesi cha jana na bati lililowaka jua la saa nane. Nimeona mabanda mengi mjini yaliyozibwa kwa bati pande zote nne kama sanduku la kuokea mkate, mwenye banda akilalamika kwamba kuku wake wana mafua yasiyoisha.

Mchana wa siku hiyo ya kwanza ulikuwa wa upepo. Fundi aliomba kitambaa. Zamani angefunga kipande cha rambo, lakini mifuko ile imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, basi Mwalimu akachana ukanda wa kanga iliyochakaa. (Kanga nguo na kanga ndege, wapo wasemao nguo ilipewa jina kwa sababu ya madoa ya ndege.) Ukanda ulifungwa kwenye ufito, ufito ukachomekwa pale Mwalimu alipotaka banda liwe, nyuma ya jiko, upande wa ziwani. Saa nane ukanda ulilala ukielekea dirisha la jiko, maana mchana upepo hutoka ziwani kupanda mlima. Fundi hakusema neno. Alimwita Mwalimu, akamsimamisha dirishani, akamwomba anuse. Hakukuwa na cha kunusa bado, ila alielewa. Ufito ukahamishwa hatua 20, karibu na jiwe, na sasa ukanda ukawa unapita pembeni ya nyumba na kupotelea kwenye michongoma. Yaani kwangu. Nilinyamaza, fundi akanitupia jicho, akausogeza hatua nne nyingine.

Kisha akausoma ukuta wa nyumba. Ukuta wa kaskazini una madoa ya tope mpaka usawa wa goti na rangi imebanduka. Ule wa kusini uko kama ulipakwa jana. Hapo akajua mvua ya eneo lile inapigia wapi, bila kusubiri vuli. Mgongo wa banda utaelekea kaskazini na utazibwa. Uso utatazama kusini. Ncha mbili fupi ndizo zitakazoelekea mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisipate upana wa kuingilia, na ya magharibi, inayochomwa zaidi, ikae kwenye kivuli cha mwembe.

Akaomba maji ndoo moja. Aliyamimina taratibu juu ya mteremko, akainama, akayafuata hatua kwa hatua yakikata njia kwenye mchanga, yakikwepa jiwe, yakiishia migombani. Ardhi pale ni ile Wasukuma wanayoiita luseni, ya kichanga, inayokunywa maji upesi. Ingekuwa mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, angedai banda liinuliwe kwa nguzo. Njia ya maji aliitia majivu ili asiisahau. Chumba cha bata kitakuwa chini, upande wa magharibi, ili maji yao machafu yaende kwenye migomba bila kupita kwa jirani yao kuku.

Lilibaki jiwe. Mafundi wengine wangelikimbia. Wawili kati yao, kwa mujibu wa Mwalimu, walitaka lipasuliwe kwanza liwe kokoto. Fundi huyu alilizunguka mara mbili, akaingiza mkono kwenye nyufa, akautoa na kinyesi cha pimbi. Jiwe hukusanya joto mchana na kulitoa jioni, akasema, na kanga wameshalichagua kuwa mnara wao. Basi litakuwa ukuta wa mashariki wa uwanja, ukuta wa bure. Ila kila ufa unaopitisha ngumi utazibwa kwa mawe na saruji, kwa sababu penye pimbi nyoka hukaribia, na kenge wa ziwani hupanda mpaka huku akifuata mayai. Alionyesha pia sehemu ambayo kanga akiruka kutoka kileleni atatua nje ya uzio. Huko juu patafunikwa.

Siku ya pili nilidhani ujenzi ungeanza. Fundi alimwomba Mwalimu ajitwike ndoo.

Mwalimu ni mrefu wa wastani. Alisimama wima na ndoo ya lita 20 kichwani, mkono mmoja umeishika, na fundi akapima kutoka ardhini mpaka ukingo wa ndoo: futi 6 na inchi 6. "Mlango utakuwa futi 6 na inchi 8." Akapima toroli, upana kwa upana, akaongeza inchi 6 za viganja. Akamwambia Mwalimu achuchumae kana kwamba anaokota yai, akapima alipofika mkono. Nimewahi kufuga, na katika banda langu nilikuwa naingia nimeinama kama mwizi. Kufagia nilifagia mara moja kwa mwezi, nikiulaumu mgongo. Sikuwahi kufikiri kwamba lawama ni ya mlango.

Baada ya mtu, vifaa. Hapa hesabu yake ilikuwa ya kutazamwa kama mtu anavyotazama bao likichezwa na mjuzi. Bati linauzwa la futi 10. Likitokeza kidogo mbele na kidogo nyuma ili kumwaga maji mbali, kina cha banda ni futi 8. Mbao za mbili kwa nne huuzwa futi 12; basi upana wa banda ni futi 12, na boriti ya juu haihitaji kuungwa. Nguzo? Mbao ileile ya futi 12 ukiikata inatoa futi 7 na futi 5: nguzo ya mbele na ya nyuma, na mteremko wa paa umeshapatikana. Mbao nne, nguzo nane, hakuna kipande cha kutupa. Bati lina futi 3 za upana, lakini likilaliana na mwenzake hubaki kama 2 na nusu. Kwa futi 12 pamoja na kutokeza pembeni, bati sita. Alisema yote haya akiwa amekalia ndoo, akichora kwa kijiti mchangani, akifuta kwa kiganja. Duka la vifaa hakulifikia bado, lakini dukani ndiko banda lilikochukulia vipimo vyake.

Ndipo majivu yakapata kazi. Alichomeka kigingi cha kwanza futi 2 kutoka kwenye jiwe, akavuta kamba kuelekea magharibi futi 12, akachomeka cha pili. Kupata kona mraba alitumia ile njia ya mafundi wote: sentimita 60 kwenye kamba moja, 80 kwenye nyingine, na kati ya alama hizo mbili lazima zije 100 kamili. Zilikuja 101. Akasogeza kigingi kwa unene wa kidole. Zikaja 100. Vigingi vinne viliposimama akapima pembe kwa pembe, futi 14 na inchi 5, akahamia pembe nyingine mbili, futi 14 na inchi 5. Alirudia mara ya tatu, na futi ile isiyo na mwanzo, akitoa 10 kila mara, midomo inacheza. Kisha akachota majivu kwa kopo la maziwa lililotobolewa na kutembea kinyumenyume juu ya mstari wa kamba. Majivu yalishuka membamba na meupe. Akaacha pengo la mlango, akachora ukuta wa kugawa: futi 8 za kuku na kanga, futi 4 za bata. Akachora viota vitatu, fito za kulalia, lango la uwanja wa kulia na la uwanja wa kushoto.

"Haya, Mwalimu. Ingia ndani, ufuge."

Mwalimu alicheka, akatazama kama kuna watu wa kumwona, akaingia. Alifungua mlango wa hewa. Alibeba ndoo ya hewa mpaka kwenye chombo cha maji cha hewa, na fundi, aliyekaa nje ya mstari, akamwuliza: unamwaga wapi ya jana? Mwalimu akageuka, akatembea mpaka upande wa pili, akarudi. Hatua tisa na ndoo mkononi. Fundi akafuta maji kwa kisigino, akayachora karibu na mlango. Tena. Sasa okota mayai: Mwalimu akapita chini ya fito ili afike kwenye viota, na fundi akamwonyesha mabega yake. "Humo kutakuwa na kuku juu." Viota vikafutwa, vikahamishiwa kwenye ukuta wa mashariki, na mlango wake wa nje, ili mayai yatolewe bila kuingia. Tena. Usiku wa mvua, umesikia kelele, unakuja na tochi, mlango unafunguka upande gani? Mlango ulikuwa umechorwa unafungukia ndani. Ukageuzwa. Wakaenda hivyo saa nzima na zaidi, mwalimu wa miaka zaidi ya thelathini ya ubao akizunguka ndani ya nyumba ya majivu, akifunga komeo zisizokuwepo, na kila alipokwama kitu kilifutwa na kuchorwa upya. Kufika saa tisa mistari ilikuwa imefutwa mara nyingi mpaka ardhi ikawa ya kijivu. Hakuna msumari uliong'olewa, hakuna ubao uliokatwa vibaya. Gharama ya makosa yote yale ilikuwa makopo matatu ya majivu.

Jambo moja lililojitokeza humo ni kona ya kukamatia. Mdondo ndio unaomaliza kuku wa kienyeji kuliko jambo lolote, na chanjo yake ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini na kustahimili joto kuliko zile za zamani, hutiwa tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu. Tone ni rahisi. Kumshika kuchi na kanga watano ndio mtihani. Fundi alichora nyuma ya mlango ukuta mfupi unaobana kama shingo ya mgono wa samaki: ndege wakisukumwa taratibu wanaingia, nafasi inapungua, na mtu mmoja anawashika bila kukimbizana. Sijaona kitu hicho katika banda lolote la jirani. Nilimwuliza alikipata wapi. "Kwa mgono," alisema, akionyesha ziwa kwa kidevu.

Bata nao walipata kikao chao. Bata lazima azamishe kichwa kizima, ndivyo anavyosafisha macho na pua, kwa hiyo chombo cha kunywea kuku hakimtoshi. Fundi aliwapangia beseni la saruji lililochimbiwa, la kina cha kuzamisha shingo, na bomba chini lenye kizibo: ukizibua, maji na kinyesi vinakwenda migombani kwa njia ileile aliyoitia majivu. Juu ya beseni alitaka paa. Mwalimu aliona ni anasa. Fundi akasema yangeyange na kwarara wakitoka ziwani watakuja kunywa na kunya humo. Nikakumbuka Januari 2017, homa ya mafua ya ndege aina ya H5N8 ilipothibitishwa upande wa Uganda wa ziwa hili hili, ndege wa porini wakiokotwa wamekufa karibu na Entebbe. Ndege wa porini hawana habari na mpaka. Bati la saba likaongezwa kwenye orodha.

Ujenzi wenyewe ulichukua siku nne, na sina mengi ya kueleza kwa sababu hakukuwa na ubishi. Kijana wa kusaidia alikuja, na nyundo pia. Msingi wa mawe ya mlima, tabaka mbili, saruji kidogo. Nguzo nane zikasimamishwa kwa timazi. Mabanzi kutoka kiwanda cha mbao yakaziba futi 2 za chini pande zote, na mgongo wa kaskazini mpaka karibu na paa, pakiachwa uwazi wa kiganja wa hewa moto kutokea. Mbele juu ya mabanzi ni wavu mtupu. Fundi ana neno kuhusu wavu wa kuku: unamzuia kuku kutoka, haumzuii mbwa kuingia. Ndiyo maana ya mabanzi. Kwa kicheche na nguchiro, wanaochimba, alilaza wavu wa matundu ya nusu inchi ardhini kuzunguka banda, futi 1 kwenda nje, akaufukia kiganja kimoja. Mnyama huchimba penye ukuta, akakutana na wavu chini ya makucha, wala hajui kurudi nyuma futi 1 aanzie huko.

Uwanja ulifunikwa juu na nyavu kuukuu za wavuvi. Fundi alikwenda mwaloni mwenyewe kuzichagua, akirudisha zile za sangara: tundu lake mguu wa kanga unapita, unanasa, na usiku anajinyonga. Alichukua za matundu madogo, akazishona pamoja kwa sindano ya mti ya kushonea nyavu, akilegeza kidogo katikati ili zicheze na upepo. Mwewe alipita juu siku ileile. Kivuli chake kilikatiza uwanja, kanga wakalia, kikaondoka.

Fito za kulalia alizifanya mwisho, na hapo alirudi kwenye mwendo wake wa ndoo. Alichagua mirunda mitatu ya mkaratusi, unene wa mpini wa jembe, akaibandua gamba lote, kwa sababu utitiri hujificha chini ya gamba mchana na kutoka usiku kunyonya. Akailainisha kwa kisu, halafu kwa kipande cha chupa, akipitisha kiganja akiwa amefumba macho. Kila kiganja kiliposimama, chupa ilirudi. Mirunda miwili ya kuku iliwekwa usawa mmoja, futi 3 kutoka sakafuni, ikipishana futi 1 na nusu. Zikipishana kimo, alisema, kila jioni watapigania ya juu. Viota viko futi 2, chini ya fito, la sivyo matetea watalala viotani na kuvichafua. Kila kuku ametengewa sentimita 20. Kwa mirunda miwili ya futi 8 nafasi ilibaki. Kimo hakikuzidi futi 3 kwa ajili ya jogoo wa kuchi, maana ni mzito na mrefu, na akiruka kutoka juu sana kila asubuhi nyayo zitavimba. Mrunda wa tatu, wa kanga, uko futi 4 na nusu, mbele, ambako paa limeinuka. Hakuna hata mmoja uliopigiliwa. Kila ncha inakaa kwenye kikombe kilichochongwa, ili siku ya usafi Mwalimu aunyanyue, aupeleke juani, apake majivu kwenye ncha na kuurudisha. Sakafuni akamwaga pumba za mpunga, kina cha vidole vinne, na upande wa bata mara mbili ya hapo.

Ndege walihamishwa usiku, mmoja mmoja, katika giza, wakiwa wamelegea. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husema watu, na kweli Mwalimu alikuwa ameandaa vipande vya kamba. Fundi alivikataa. Waliwafungia humo siku tano bila kutoka, wakila na kunywa humo, mpaka mwili ujue kwamba kulala ni hapa.

Siku ya sita malango yalifunguliwa saa tisa alasiri, uwanja wa kulia tu. Wa kushoto unaota majani. Fundi alikuwa ameshalipwa, hakuwa na sababu ya kuja. Alikuja na ndoo yake, akaipindua nje ya uzio. Saa 12 na robo kuku walianza kuingia bila kuambiwa, jogoo wa mwisho. Bata wakafuata kwa mstari, wakaloanisha kizingiti. Kanga wawili waliruka juu ya mrunda wao kana kwamba walizaliwa pale. Wawili wakasita mlangoni, wakatoka, wakaingia. Wa tano alibaki juu ya jiwe, chini ya wavu, akitazama ziwa linavyogeuka rangi.

Mwalimu alichukua ufagio amfukuzie ndani. Fundi akainua mkono bila kugeuka.

"Mwache kwanza, Mwalimu."

Giza likaingia. Vidudu vya ziwani vilianza kuzunguka taa ya kibarazani. Nikaenda kula, nikarudi kwenye michongoma. Fundi alikuwa bado kwenye ndoo, viwiko magotini, na juu ya jiwe kile kivuli kilikuwa kimesogea hatua mbili kuelekea mlangoni.